Tone la Sukari kwa Nondo

Kama umewahi kufika nyumbani kwa shangazi yangu ukatoka bila kula, niambie, maana utakuwa wa kwanza. Fundi umeme alikuja kubadilisha swichi moja akakaa saa mbili: dakika tano za swichi, zilizobaki za sahani. Kuna mtu alikosea nyumba, akabisha hodi kuuliza njia, naye akaelekezwa huku anatafuna. Mimi aliyenilea tangu nina miaka saba nilifika ukubwani sijui njaa ni kitu gani hasa. Niliisoma vitabuni.

Nayasema haya mapema ili ukisikia alichofanya kazini usimhukumu haraka. Mimi nilimhukumu, na maneno yangu nikayameza mwenyewe.

Kazi yake ni kulea nondo. Watu wakisikia hivyo huuliza tena wakidhani wamekosea kusikia. Hawajakosea. Katika taasisi moja ya kuchunguza wadudu, ghorofa ya pili, mwisho kabisa wa korido, kuna chumba kisicho na dirisha, na shangazi ameshika ufunguo wake mwaka wa ishirini na sita sasa. Aliajiriwa kufagia. Mlezi wa kwanza wa nondo alipougua, wakamwomba shangazi awape viwavi chakula kwa wiki moja tu. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Mimi nakaa chini, mapokezi, napokea simu na kuandika majina ya wageni, kwa hiyo kila kinachopanda na kushuka kwenye jengo lile nakijua, na nisichokijua nauliza.

Usifikirie vile vijinondo vinavyotoboa sweta kabatini. Hawa ni wakubwa, wa kijivu, mwili mnene kama kidole gumba, na ukiwatandaza mabawa wanajaza kiganja. Kiwavi wao akitoka kwenye yai ni mdogo kuliko punje ya mchele. Wiki tatu baadaye ni bonge la kijani lisiloweza hata kugeuka vizuri kwenye kopo lake. Shangazi huwapikia mwenyewe: ngano, maharage yaliyosagwa, hamira, na unga wa mwani wa kugandisha. Anakoroga sufuria kubwa mpaka mkono unauma, anamimina kwenye trei, ikipoa anakata vipande kama vya sabuni. Niliwahi kumwambia amekosea kazi, angefungua hoteli.

"Wateja wa hoteli wanalalamika," alinijibu. "Hawa umewahi kumsikia mmoja?"

Kwa kuwa nondo hawa huruka usiku, na watafiti wanapenda kulala kwao kama watu wengine, saa ya chumba kile imepinduliwa. Usiku taa zinawaka kama jua la mchana, asubuhi zinazimwa, na watu hufanya kazi gizani kwa taa moja ndogo nyekundu. Ndiyo maana shangazi akiingia kazini saa mbili asubuhi huwaambia wenzake "usiku mwema" kwa sauti ya mtu anayejichekesha, na huwa anacheka yeye kwanza.

Sasa, mwaka wa tatu huo tulikuwa na binti mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya udaktari wa sayansi. Tulimbandika jina la Miwani, kwa sababu alikuwa na pea mbili, moja machoni na moja kichwani, na kutwa alikuwa akiitafuta ile ya kichwani. Mwembamba, mpole, anasahau kula. Unaweza kukisia shangazi alimpokeaje. Wiki ya kwanza tu Miwani alikuwa na kopo lake la chakula kutoka nyumbani kwetu, na alikuwa anamwita shangazi Mama.

Swali la Miwani lilikuwa moja: nondo akiruka, anachoma nini? Ndege ya abiria inajazwa mafuta uwanjani, hilo tunalijua. Lakini huyu mdudu anayepiga mabawa mara ishirini na zaidi kwa sekunde moja, tena kwa saa nyingi, nguvu anaitoa wapi? Alitengeneza chombo walichokiita bembea, kijiti chepesi kinachozunguka juu ya sindano. Nondo anabandikwa mgongoni kwa tone la nta, anaanza kutetemesha mabawa ili mwili upate joto, halafu anaondoka, anazunguka na kuzunguka, na mashine inahesabu mizunguko. Akimaliza, Miwani anamchukua tone dogo la damu, analichanganya na dawa zake, mojawapo vanila ileile ya kwenye keki ila imesafishwa sana. Damu ikiwa na mafuta, dawa inageuka rangi ya waridi. Mafuta yakizidi, waridi inakolea.

Imani ya Miwani ilikuwa kwamba nondo asiye na kitu tumboni akiruka, damu yake ni lazima ijae mafuta. Tatizo ni kwamba damu haikuwa na habari na imani yake. Nondo huyu waridi ya kukolea, yule anayefuata maji matupu. Leo watatu sawasawa, kesho wanne segemnege. Aliwarusha nondo sitini, na ukiweka majibu yao pamoja hupati kichwa wala miguu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu watahini waje kumsikiliza akiitetea kazi yake. Mkuu wa maabara, mtu aliyenyooka mpaka kamba za viatu, alikwishamwambia kwamba muda hauongezwi.

Siku hiyo, wakati wa chai, nilikuwa nimepanda juu kupeleka barua. Miwani alikuwa ameshika tama, mirija yake ya vioo imepangwa mbele ya kikombe. Shangazi alikaa upande wa pili akimsogezea kipande cha mkate.

"Hebu nieleze vizuri," shangazi alimwambia. "Miaka mitatu nakuona unawatoboa watoto wangu. Hayo mafuta yanatoka wapi?"

"Kwako, Mama."

"Kwangu kivipi?"

"Si wewe unayewalisha wakiwa viwavi? Kile chakula chote wanakigeuza mafuta, wanakiweka akiba tumboni. Nondo akishakuwa mkubwa, akianza kuruka, kuna katezi nyuma ya ubongo, kadogo kuliko nukta. Kanamwaga homoni kwenye damu. Homoni inafika kwenye akiba, inasema fungueni, safari imeanza. Mafuta yanapakiwa kwenye damu, kuna wabebaji wake maalumu, yanapelekwa kwenye misuli ya mabawa. Yanachomwa huko. Wabebaji wanarudi mikono mitupu, wanapakia tena."

"Kwa hiyo anaruka kwa kile nilichompa utotoni?"

"Ndiyo. Na mafuta ni mazuri kwa safari kwa sababu ni mepesi. Gramu moja ya mafuta inatoa nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya sukari."

Shangazi alifurahi mpaka akajipiga paja. Nilimwona akijivuna waziwazi, na nikawa nimeanza kuondoka zangu.

"Ila sharti asiwe amekula sukari," Miwani akaendelea, akiwa bado anatazama mirija yake. "Akinywa hata tone moja la maji ya sukari, ile tezi inanyamaza. Kwa nini ifungue ghala na mezani kuna chakula? Ndiyo maana nilibandika ile karatasi mlangoni."

Kikombe cha shangazi kilisimama njiani, kati ya meza na mdomo. Kikakaa hapo. Karatasi ya mlangoni ilisema kwa herufi kubwa NONDO WA KURUKA WASIPEWE CHOCHOTE. Nilimtazama usoni, na kwa kuwa namjua kama kiganja changu, nikajua kuna jambo.

Jioni ile nyumbani hakula. Nakuapia, katika maisha yangu sijawahi kuona jambo hilo. Alipakua, akakaa, akaitazama sahani kama imemtukana.

"Shangazi, uliwapa?"

"Tone tu."

"Uliwapa nondo sukari!"

"Waliokonda peke yao! Unataka nifanyeje? Mtoto anatoka kwenye ganda lake, mabawa bado mabichi, siku mbili hajaonja kitu, halafu anafungwa kwenye bembea azungushwe kwa saa nne nzima. Wewe ungevumilia?"

Alinieleza alivyokuwa akifanya. Ulimi wa nondo hawa ni mrefu kupita mwili, na umejikunja chini ya kichwa. Alikuwa anaukunjua kwa ncha ya pini, taratibu, anauchovya kwenye kizibo chenye maji ya sukari, na nondo anavuta. Asubuhi, kabla Miwani hajafika. Karatasi aliisoma, tena siku ileile ilipobandikwa. Alidhani ni zile sheria za watu wenye haraka, kama kibao cha usikanyage nyasi.

Nikamuuliza ni wangapi. Hakujua. Hakuwahi kuwahesabu wala kuwawekea alama, kwani nani huhesabu watu aliowakaribisha?

Hapo ndipo nilipomhukumu. Nilimwambia maneno makali, kwamba ukarimu wake haujui mlango wala dirisha, kwamba miaka mitatu ya mtoto wa watu imekwenda na maji. Halafu nikakumbuka upande wetu. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Kwa kanuni za pale, mtu akivuruga jaribio anatolewa chumbani, na ungemtoa shangazi kwenye chumba kile ungekuwa umemtoa roho. Alikuwa anasema kila siku kwamba atatoka na ufunguo mkononi, siku yake, kwa miguu yake. Basi nikageuka kinyonga pale pale. Nikamwambia afyate ulimi. Aache kuwalisha kimyakimya, nani atajua?

Alinitazama, si kwa hasira.

"Wale sitini je?" akaniuliza. "Yule mtoto atakwenda kusimama mbele za watu na majibu niliyoyachafua mimi? Akiulizwa, ajibu nini?"

Akaifunika sahani yake na kwenda zake kulala saa moja na nusu, kabla hata ya taarifa ya habari.

Asubuhi nilipanda naye, nikajifanya nina barua nyingine. Alimkuta Miwani kwenye taa nyekundu, akamwambia yote bila kuzunguka, mikono imeshikana tumboni kama mtoto wa shule. Miwani alivua pea ya machoni, akavua na ya kichwani, akakaa chini sakafuni.

"Miaka mitatu, Mama," alisema mwishowe.

"Najua, mwanangu."

"Nilikuwa nadhani mimi ndiye sijui kazi. Nililia chooni kwa ajili ya wale nondo."

Shangazi naye akakaa sakafuni kando yake, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda. Halafu Miwani akaanza kutikisika mabega, nikajua analia, kumbe anacheka. "Ulimi kwa pini!" alisema. "Mimi mwenyewe siwezi kumkunjua nondo ulimi bila kumuumiza! Uliwezaje?" Wakacheka wote wawili hadi machozi, na mimi mlangoni nikacheka kwa woga tu, maana nilijua safari inayofuata ni ofisini kwa mkuu.

Mkuu wa maabara hakucheka. Alisikiliza, akazinyoosha kalamu zake mezani, akasema kwamba kwa kanuni shangazi anapaswa kutoka chumbani. Lakini kwa kuwa Miwani amebakiza siku ishirini na hakuna mwingine anayejua kulea nondo wale, ataamua watahini wakishaondoka. Shangazi akasema, "Sawa, mzee." Alitoka pale mgongo umenyooka. Kwenye ngazi alinishika mkono.

Miwani alipiga hesabu: siku kumi na mbili za kurusha, nondo thelathini wapya, na zilizobaki za kuandika. Nondo wale walikuwa bado hawajatoka. Walikuwa wamelala ndani ya maganda yao ya kahawia kwenye masanduku ya vumbi la mbao, zaidi ya mia mbili, wote sura moja. Hapo ndipo nilipoujua ufundi wa shangazi. Aliwachukua mmojammoja chini ya taa, akawageuza, akawabonyeza kwa kidole kidogo, akasikiliza. Ganda likianza kuwa jeusi upande wa mabawa na likilegea kidogo ukilibonyeza, amebakiza siku moja au mbili. Aliwapanga kwenye trei akisema tu, "Kesho. Kesho kutwa. Mtondo. Huyu mvivu, wiki ijayo. Kesho." Mashine ya kufanya hivyo pale hatuna. Kati ya thelathini aliowapangia siku, alikosea wawili.

Kisha akatoa amri. Alimwambia Miwani afungie sukari.

"Sukari ipi?"

"Yote. Ya maabara na ya chai. Sijiamini."

Nikakabidhiwa ufunguo wa kabati mimi. Siku kumi na mbili ghorofa nzima ilikunywa chai ya mkandaa chungu, na kila mtu alikuja mapokezi kunikunjia uso kana kwamba mimi ndiye nimemeza sukari. Mkuu wa maabara alikuja mara mbili. Mara ya pili alisema "tafadhali". Nikamwambia kanuni ni kanuni, mzee, na nilifurahi kupita kiasi, sitaficha.

Kwa shangazi zilikuwa siku za mateso. Nondo alikuwa akitoka kwenye ganda, anapanda ukutani, ananing'inia mpaka mabawa yananyooka na kukauka, na shangazi anamtazama mikono nyuma. "Amekonda huyu," alikuwa ananong'ona. "Hajakonda, Mama," Miwani anamjibu. "Amebeba akiba yako." Siku ya tatu nilimkuta shangazi anaongea na nondo mmoja aliyekuwa tayari kwenye bembea. Alikuwa anamwambia, "Nimekupa vya kutosha. Nimekupa vya kutosha, unanisikia? Nenda." Nondo akatetemeka, akatetemeka, akaondoka. Saa ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Shangazi hakuketi. Kila mzunguko ulikuwa unampitia usoni upepo mdogo, naye alikuwa anatabasamu gizani.

Yule aliruka kwa saa tano na dakika arobaini, bila tone. Miwani alipomwaga dawa kwenye mrija, tukasogea wote watatu, vichwa vimegongana. Ikaanza polepole, kama wino uliofifia, halafu waridi ikapanda mpaka ikakolea kabisa.

"Mafuta," Miwani akasema.

"Ngano na maharage," shangazi akamsahihisha.

Thelathini wote walijibu hivyo. Waridi, waridi, waridi. Ilipofika zamu ya wa thelathini Miwani alicheza korido nzima na pea zote mbili zikaanguka. Shangazi akampigia vigelegele, watu wakatoka maofisini wakidhani kuna posa.

Watahini walikuja, wakakaa saa tatu kwenye ukumbi wa ghorofa ya juu, wakatoka wakimpa Miwani mkono na kumwita daktari. Nilikuwepo mlangoni na maji ya kunywa, kazi niliyojipa mwenyewe. Nilimsikia mmoja akiuliza kwa nini nondo sitini wa mwanzo wameachwa nje ya hesabu, na nikamsikia Miwani akisoma alivyoandika: kwamba baadhi yao walikuwa wamelishwa maji ya sukari na mlezi wao, ambaye alilikiri kosa hilo mwenyewe, na bila yeye lisingejulikana kamwe. Mtahini akasema angependa watafiti wake wawe na moyo kama huo. Niliteremka ngazi mbilimbili kwenda kumwambia shangazi, lakini hakuonekana kusikia. Alikuwa anaosha trei.

"Mkuu amesema nini?" ndilo swali lake pekee.

Mkuu alikuwa hajasema kitu. Siku hiyo ikapita, na iliyofuata. Shangazi alianza kupunguza vitu vyake chumbani, khanga ya akiba, kijiko cha kukorogea, kiti chake kidogo cha plastiki. Alivirudisha nyumbani kidogokidogo ndani ya mkoba mkubwa, akidhani sioni. Iliniuma sana, na jioni ya pili nilivikusanya vyote, asubuhi nikavirudisha kazini mwenyewe.

Siku ya tatu bahasha ikafika mapokezi, ina muhuri, jina la shangazi juu. Ningeweza kuifungua kwa mvuke, ninajua jinsi, lakini mikono ilikataa. Nikapanda nayo. Shangazi alifuta mikono kwenye aproni, akaishika, akanirudishia.

"Soma wewe. Miwani yangu iko nyumbani." Haikuwa nyumbani, ilikuwa inaning'inia shingoni.

Nikasoma chini ya taa nyekundu. Ilikuwa barua ya onyo. Ilisema kwamba mnamo tarehe zisizojulikana mtumishi huyu aliwalisha nondo bila idhini, kinyume cha maelekezo yaliyobandikwa mlangoni. Ilisema onyo hili litawekwa kwenye faili lake. Ilisema anatakiwa kutorudia kulisha nondo wa jaribio kwa muda wote wa utumishi wake uliobakia katika chumba hicho. Chini kulikuwa na sahihi ya mkuu, imenyooka kama yeye mwenyewe.

Shangazi akauliza, sauti imekuwa ndogo, nisiyoizoea:

"Imesema uliobakia wapi?"

"Katika chumba hicho."

"Hakuna mahali imesema nitoke?"

Niliipitia tena tangu juu mpaka muhuri, nikageuza na nyuma, ili niwe na uhakika kabla sijamjibu.

"Hakuna, Shangazi."

Akaketi kwenye kile kiti chake cha plastiki, akajifunika uso kwa aproni. Mabega yakaanza kwenda juu na chini, na safari hii sikuweza kujua anacheka au analia, nadhani hata yeye hakujua. Miaka ishirini na sita, alisema ndani ya aproni, hajawahi kuandikiwa barua yoyote na mtu yeyote pale. Wenzake wameonywa kwa ulevi, kwa utoro, kwa matusi. Yeye ameonywa kwa kulisha. Halafu akashusha aproni, macho yamelowa, uso mzima unang'aa, akanisogezea taa nyekundu karibu.

"Basi soma tena," akasema. "Polepole, na usiruke kitu."